Singe, Kutu na Hadithi za Kwihara

Kwihara hakuna chuma kisicho na mwenyewe mashuhuri. Okota kisu kwenye shamba la karanga asubuhi, ikifika jioni kimeshakuwa cha Livingstone. Kikiwa kirefu kidogo ni cha mtemi Mirambo, na kikiwa kimeliwa sana na kutu, basi Stanley alikiangusha alipokuwa akikimbia vita vya Mirambo mwaka 1871. Sisi tunaoishi karibu na tembe la Livingstone, kilomita chache kusini mwa Tabora mjini, tumezoea. Wageni huja kuona vyumba walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa 1872, kabla Stanley hajashika njia ya pwani mwezi Machi na Livingstone hajaondoka Agosti kwenda kufia kusini. Mgeni aliyekuja kutoka mbali hivyo hapendi kurudi mikono mitupu, na vijana wetu si wavivu, humtafutia kitu.

Mimi nimekusanya vyuma vya namna hii kwa miaka mingi, kwanza kwa mshahara wa mwalimu wa ufundi vyuma, sasa kwa pensheni, na atakayekwambia kwamba kazi hii ni ya matajiri hajawahi kukaa Unyamwezi. Ila lazima ujue mpaka wako. Bunduki sigusi. Gobori, hata kama limelala darini tangu enzi za misafara na mtutu wake umejaa nyumba za nyigu, mbele ya sheria ni bunduki, na bila kibali ni kesi. Mapanga ya kale ya Waarabu nayo naishia kuyaangalia na kuyapiga picha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya 1863, na upanga ulioingia Unyanyembe siku wasafiri Burton na Speke wanafika Kaze, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, una umri huo na zaidi. Zilizobaki ni silaha baridi za vita viwili: vile vya 1914, vilivyopita mlangoni kwetu, na vile vya 1939, ambavyo watu wetu walivifuata mbali.

Kwa nini singe nyingi hivi huku? Anza na Septemba 1916. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na anayeshika Tabora alikuwa ameshika magharibi yote ya koloni la Wajerumani. Wabelgiji na askari wao wa Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, wakaja kutoka kaskazini na kutoka Ziwa Tanganyika. Upande wa Wajerumani alikuwapo Jenerali Wahle. Walipigana Usoke, wakapigana Lulanguru, wakapigana Itaga, na tarehe 19 Septemba mji ukaingia mikononi mwa Wabelgiji, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini. Jeshi linalorudi nyuma huacha vitu. Askari aliyechoka huvua mkanda, mpagazi hutua mzigo na kuingia porini, majeruhi hubaki na alichonacho. Wanakijiji wakaokota. Bunduki zilitafutwa na kila serikali iliyofuata, lakini singe ni kisu, na kisu kizuri hakikosi kazi katika nyumba yoyote.

Vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye mkebe wa biskuti. Nina lenzi niliyopewa na fundi saa alipofunga kibanda chake, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, rula ya chuma, mzani mdogo wa jikoni, mafuta ya cherehani, kitambaa laini na tochi. Katika hivyo vyote, tochi ndiyo mwalimu mkuu. Usimulike chuma kutoka juu. Kilaze, kisha mulika kutoka ubavuni, mwanga upite sambamba na uso wake. Mhuri uliofutika miaka sitini iliyopita utainuka wenyewe kwa kivuli.

Hivyo ndivyo nilivyokipata kile ninachokipenda kuliko vyote. Mrina asali kutoka upande wa Sikonge alikuja na ndoo yake, tukaamkiana, “Mwangaluka, mwalimu,” nami nikaitikia, na kabla sijauliza bei ya asali macho yangu yalikuwa kiunoni kwake. Alikuwa na kisu kifupi, kipana, cheusi kwa nta. Mpini ulikuwa wa mninga, umekazwa kwa misumari miwili iliyopondwa kwa nyundo. Lakini kichwa cha mpini kilikuwa cha chuma, kina mfereji uliochongwa kwa kipimo na kitufe kidogo cha springi pembeni. Mhunzi wa kijijini hana sababu ya kuhangaika na kitufe cha springi kwenye kisu cha kukatia masega. Mfereji ule ni wa kuvalia bunduki, na kitufe ni cha kuifunga isichomoke.

Nikamwomba anipe kidogo. Nta nikaitoa kwa ukucha na kitambaa chenye mafuta, polepole. Kwenye mgongo wa chuma, karibu na mpini, tochi ilipolala, ikatokea taji, chini yake herufi W yenye mikia, na chini yake namba 88. Hapo hapakuwa na la kubishana. Taji na W ni alama ya ukaguzi ya ufalme wa Prussia, herufi ya mfalme Wilhelm, na 88 ni mwaka 1888. Ubavuni kulikuwa na mabaki ya jina la kiwanda, yameliwa katikati, ila yalitosha kuonyesha maandishi ya namna ya Solingen, mji wa Ujerumani ambao umefua panga za nusu ya dunia. Ilikuwa singe ya muundo wa 1871/84. Zikitoka kiwandani, makali yake yana urefu wa sentimita 25 hivi. Hii ilikuwa imepunguzwa karibu theluthi, ncha ikachongwa upya iwe butu na pana ili isitoboe mzinga. Ilikuwa na umri wa miaka 28 Wabelgiji walipoingia Tabora. Hilo nalo linasema kitu kuhusu vita vile, maana kampuni nyingi za askari wa Kijerumani huku zilianza vita na bunduki kuukuu za baruti ya moshi, ambazo kila ukipiga risasi moja unamwonyesha adui ulipojificha.

“Cha babu hicho,” mrina akasema. “Alikikuta kwa baba yake.”

Tulipatana bei ya kumtosha kununua kisu kipya kizuri na kubaki na chenji ya kueleweka. Alizihesabu pesa, akanitazama kwa huruma kidogo. “Mwalimu, si useme nikutafutie kizima? Hiki kimeharibika.”

Kwa mtu mwenye pesa kidogo, kilichoharibika ndicho salama. Mghushi haghushi unyonge, anaghushi fahari. Hakuna mtu atakayechukua chuma kipya, akakifua kiwe singe ya 1888, akaikata theluthi, akaivika mpini wa mninga, akaipaka nta ya nyuki ya miaka sabini, ili auze kwa bei ya ndoo ya asali. Anayeghushi anatengeneza ala ya ngozi nzima, makali yanayong’aa, na tai wa Kijerumani mahali ambapo hapajawahi kukaa tai. Ndiyo maana mimi hupita kando ya kitu kizima kinachouzwa kwa haraka, nikaenda jikoni kwa watu kutazama wanakatia nini mboga. Zile ala za singe za 71/84 zilikuwa za ngozi na vyuma vya kukazia mdomoni na nchani, na yeyote aliyewahi kuweka kiatu cha ngozi chini ya kitanda Tabora anajua mchwa wanafanya nini. Ukiletewa ngozi nzima, laini, ya 1888, na anayekuletea anasema ilikuwa imefukiwa ardhini, mpe maji ya kunywa na umuage.

Vya kughushi vinavyozunguka huku vingi vimezaliwa na springi ya gari. Ni chuma kizuri, sikidharau, wahunzi wetu hutoa humo visu vya maisha. Lakini kina tabia zake. Upanga wa zamani uliofuliwa kwa mkono au kwa mashine ya kiwandani huwa mnene kwenye mpini na kupungua kidogo kidogo kuelekea nchani, ndipo mkono usichoke. Wa springi huwa na unene uleule mwanzo mpaka mwisho, na ukiushika unakuvuta chini. Chukua rula, pima mgongo mahali pachache, jibu litakuja. Kisha tafuta mikwaruzo. Grinda ya umeme huacha mistari ya upinde, iliyopishana kwa usawa wa mashine, na mara nyingi anayeitumia husahau kuifuta pale chini ya mpini.

Kutu nayo husema. Kutu ya kweli imekaa; ni ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi, imeshikana na chuma, na hainuki. Kutu ya maji ya betri ni ya rangi ya chungwa, imeenea sawasawa kila mahali hata kwenye mikunjo ambako jasho la mkono lisingefika, na ukipitisha kidole gumba inabaki kwenye kidole. Mhuri ulioongezwa juzi unaonekana hapohapo: umekata kutu badala ya kulala chini yake, chuma cha ndani bado kinang’aa, na kingo zimevimba kwa pigo la nyundo. Mihuri ya kiwandani ilipigwa kabla ya msasa wa mwisho, kwa hiyo kingo zake zimelala. Herufi za jeshi la koloni zinapandisha bei mara kadhaa, ndiyo sababu watu wanaziongeza. Mapanga ya Kiarabu yana mbwa mwitu wao anayekimbia, alama ya wafua panga wa Ujerumani iliyoigwa karne kwa karne, hata Ujerumani kwenyewe. Mbwa mwitu peke yake, basi, si ushahidi wa lolote.

Kuna alama moja iliyozua hadithi nyingi kuliko zote, nayo haikughushiwa na mtu. Singe ya Kiingereza, ile ndefu ya makali ya sentimita 43, ina taji, ina herufi za mfalme, na ina namba 1907 iliyo wazi kabisa. Mwenye nayo akisoma 1907 anakumbuka somo la historia, na mara singe ile inakuwa ya Vita vya Maji Maji. Nimeletewa kadhaa zenye historia hiyo, kila moja na babu yake shujaa. Bahati mbaya 1907 ni jina la muundo tu. Waingereza waliupitisha mwaka huo na kuendelea kuutumia hata katika vita vya pili. Tarehe yenyewe iko chini yake, ndogo, mwezi na mwaka, na mara nyingi inasoma 16, 17 au 18. Upande wa pili kuna mshale mpana wa serikali na alama ya X inayoonyesha makali yalikunjwa kwa majaribio yakarudi. Ukikuta mishale miwili imeelekeana ncha kwa ncha, serikali iliiuza kihalali ikatoka jeshini. Nikimweleza hayo mwenye singe, huwa ananikasirikia kana kwamba nimemuua babu yake. Na babu huenda aliipata kwa ushujaa wa kweli, ila si ule anaoutaka mjukuu.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii, wala si kwenye kutu. Chuma hakimjui babu. Kitakwambia kilizaliwa wapi na lini, kilikaguliwa na nani, kilipokatwa kilikatwa kwa nini. Hakiwezi kukwambia kilifikaje Kwihara. Hilo analijua mtu tu, na mtu huyo ana miaka themanini na kitu na hasikii vizuri. Kwa hiyo nina daftari. Kila chuma kina ukurasa: upande wa kushoto naandika kilichosemwa na chuma, upande wa kulia kilichosemwa na watu, jina la msemaji, kijiji na tarehe. Sichanganyi kurasa. Wauzaji wa mjini huchanganya, na wanachouza hasa ni ukurasa wa kulia kwa bei ya wa kushoto.

Daftari hilo lilifanya kazi yake siku alipokuja mama mmoja, mjane, akiwa na upanga ndani ya kanga.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu kiti.”

Akaeleza kwamba baba mkwe wake alikuwa Keya, askari wa King’s African Rifles, alipigana Burma, akarudi na upanga wa Mjapani. Marehemu mumewe aliutunza. Sasa ada ya shule ya mjukuu inadaiwa, na wanunuzi aliowaonyesha mjini wamemcheka. Wamemwambia si wa Kijapani. Ni wa maigizo. Kijana wa jirani amemwonyesha kwenye simu panga za Wajapani, mpini umesukwa kwa kitambaa, ngozi ya samaki taa chini yake. Huu wa kwake mpini ni alumini, kama ya sufuria.

Aliufungua kwenye meza yangu, nami nikaomba nisiseme kitu kwanza.

Mpini ulikuwa kweli wa alumini, umemiminwa kwenye kalibu kwa umbo la kitambaa kilichosukwa, kila fundo mahali pake. Rangi ilikuwa imebanduka sehemu zote za kushikia, ikabaki kahawia kwenye mabonde. Kwenye makali, karibu na kikinga mkono, kulikuwa na namba ya kiwandani, tarakimu nyembamba zilizopigwa vizuri. Ala ilikuwa ya chuma, imebonyea mahali, rangi ya jeshi bado ipo, na mdomoni mwake kulikuwa na namba. Nikamulika, nikasoma tarakimu moja moja kwa sauti, mama akinifuatishia kwa kidole kwenye makali. Ni zilezile. Kwenye pete ya mpini kulikuwa na mihuri midogo ya ukaguzi, na klipu ya kufungia upanga ndani ya ala bado ilikuwa inabofyeka.

Wajapani walikuwa na panga za maofisa, zile za muundo wa 1934 na 1938, zenye mpini wa mti, ngozi ya taa na kamba ya kusuka. Ndani ya nyingine yamo makali ya kale ya familia, yenye sahihi ya mfuaji kwenye shina la chuma lililofichwa ndani ya mpini. Ndizo zinazoonyeshwa kwenye simu, na ndizo zinazoghushiwa. Lakini sajenti hakuwa ofisa. Mwaka 1935, ambao kwa hesabu ya Wajapani ni 2595, jeshi lao lilitoa upanga wa muundo wa 95 kwa ajili ya wadogo: makali ya mashine yenye mfereji, namba ya mali ya serikali, mpini wa shaba na baadaye wa alumini iliyopakwa rangi ifanane na ule wa mabwana wakubwa. Vita vilipowabana, hata alumini ikawashinda, wakamalizia na miti. Kila alichochekewa yule mama, alumini, namba, umbo la kitambaa cha uongo, ndicho kilichouthibitisha. Anayeghushi kwa ajili ya soko la Dar es Salaam angempa mteja kamba na ngozi ya taa.

Kuhusu Burma nilimwambia ukweli: chuma hakisemi. Batalioni za 26 na 36 za Keya, za Tanganyika, zilikuwa kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka Bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 na kufika Kalewa mwezi Desemba. Kwa hiyo njia ipo, na watu wetu walikuwako. Lakini kama mzee aliuokota, alipewa au aliununua kwa mwenzake melini, hilo ni la ukurasa wa kulia. Nikamuuliza nani mwingine alimsikia mzee akisimulia. Akataja shangazi mmoja, yuko Urambo, bado yu hai. Nikamwambia aende kwa shangazi kabla ya kwenda kwa mnunuzi.

Kisha nikamwambia thamani yake kwa kadiri ninavyoijua, na kwamba mimi sina pesa hiyo. Anayethibitisha kitu cha mjane hafai kuwa mnunuzi wake siku hiyohiyo. Akitaka kununua, kwanza ataje bei ya haki kwa mdomo wake. Najua wenzangu wawili watatu katika shughuli hii watakaoona nimejipaka upumbavu. Upanga ule haukuuzwa. Ndugu walichanga ada, na shangazi wa Urambo alisimulia kwa muda mrefu mpaka mjukuu akajaza kurasa nne.

Sarafu nazo watu huniletea, ingawa si fani yangu. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na herufi T, iliyopigwa hapahapa Tabora mwaka 1916, ina uzito wa gramu saba na kidogo. Mzani wa jikoni unatosha kuwatambua tembo wengi wa shaba nyeupe na rangi ya dhahabu wanaozunguka sokoni.

Kwako wewe uliye na singe au upanga wa mzee ndani ya nyumba, Tabora, Songea, Machakos au popote: usiupige msasa, usiupeleke kwenye grinda ung’ae kwa ajili ya mnunuzi, na usilazimishe kufungua mpini. Ukiwa wa Kijapani na mpini umekwisha kufunguliwa, kutu iliyo kwenye shina la ndani usiiguse hata kwa kitambaa, maana hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Pangusa makali kwa mafuta kidogo ya cherehani, funga kwa kitambaa kikavu, weka mbali na ukuta wenye unyevu. Halafu chukua daftari, nenda kwa mzee anayejua ulifikaje hapo, na uandike jina lake, kijiji chake na tarehe. Nenda wiki hii.